Matabishi ya wabeba takataka Goma: umpe nani, na lini

Kazi yangu ni kusafisha parsele, yaani viwanja vya nyumba, na kuhamisha vitu hapa Goma, mashariki mwa Kongo: mabaki ya nyumba iliyobomolewa, magodoro yaliyooza, mabati yenye kutu, mawe ya volkano yaliyojaa uani. Wateja hawanisumbui sana kuhusu bei. Wanachouliza ni matabishi, yaani bakshishi juu ya bei: nitoe au nisitoe, na nikitoa nimpe nani?

Mimi nasema bei kwanza, matabishi baadaye, na visichanganywe. Kuna mteja anayeshusha bei mpaka chini kabisa akiahidi "nitawakumbuka mwishoni". Ahadi hiyo siikubali. Matabishi ni hiari; ukiyaahidi ili upunguziwe bei umeshayageuza kuwa malipo, tena malipo yasiyo na uhakika. Lipa kazi bei yake. Ukiridhika, ongeza.

Kwenye intaneti utakuta mashauri ya Marekani, ambako kampuni inakuja na lori lake na wafanyakazi wake wa mshahara, halafu mteja akipenda anampa kila mmoja dola kadhaa mkononi. Yana mahali pake. Hapa kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mara nyingi ndiye kampuni nzima peke yake. Akiumia mkono leo, kesho hakuna anayemlipa. Tena wengine chukudu si yao, wameikodi.

Na kazi ya Goma ina ugumu wake. Lava ya volkano Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na mitaa mingi imejengwa juu ya mawe hayo. Shimo la taka halichimbiki hivi hivi, kwa hiyo vitu lazima vibebwe vitoke. Jiwe la lava linakwaruza mikono na kula soli za viatu. Ndiyo maana glavu na maji ya kunywa siviiti matabishi. Viwepo kabla ya jiwe la kwanza kuinuliwa. Chai na mikate ya saa nne inapendeza, ila usije ukaikata kwenye hesabu ya jioni. Bia ingoje kazi iishe. Mtu anateremka na mzigo mkubwa, breki yake ni kipande cha mpira anachokikanyaga juu ya gurudumu la nyuma, nawe unampa Primus mbili mchana halafu unasema umemsaidia?

Kinacholeta ugomvi kuliko pesa ni takataka zenyewe. Goma kitu hakiitwi takataka mpaka watu watatu wamekikagua. Kidumu kilichopasuka kina mnunuzi, chuma kina mnunuzi, mbao mbovu ni kuni, hasa makala (mkaa) yakipanda bei. Basi mwenye nyumba anasema, "Chukueni mabati hayo, ndiyo matabishi yenu." Inaonekana ni ukarimu. Lakini mabati yanaondoka juu ya chukudu, na mwenye chukudu ndiye atakayeyauza. Waliobeba kutoka ndani hadi barabarani wanabaki mikono mitupu. Siku nyingine mama mwenye nyumba anarudi baada ya saa moja kudai sufuria yake, ambayo kijana ameshaipigia hesabu ya chakula cha jioni.

Kwa hiyo kabla ya kupakia nazunguka parsele na mwenye nyumba pamoja na kapita, yaani msimamizi, wa vijana. Tunaonyesha kwa kidole: hiki kinabaki, hiki kinatupwa, hiki ni chao, na kikiuzwa watagawana. Kikishatajwa kuwa chao, hakirudi. Nami nawaambia wateja wazi kwamba vitu hivyo havichukui nafasi ya pesa.

Wanaosahaulika zaidi ni wasukumaji. Chukudu ikipanda kutoka upande wa ziwa haiendi kwa nguvu za mtu mmoja. Kuna wawili watatu nyuma wanaosukuma. Hao analipa mwenye chukudu, kutoka mfukoni mwake. Mteja hawaoni, kwa sababu wengine wanaungana na safari njiani. Kama mzigo unapanda, mpe mwenye chukudu kitu cha wasukumaji kabla hajaondoka, na umwambie ni cha nani.

Waliobaki uani wape mkono kwa mkono, mbele ya wote. "Papa, umetusaidia, hii ni yako." "Aksanti, mama." Inatosha. Kumkabidhi kapita pesa yote agawe mwenyewe sipendi. Hata akiwa mwaminifu, atashukiwa. Kwa nusu siku ya kazi ya kawaida nashauri feranga 2,000 kwa kila mtu, na 5,000 kama walishika mawe au choo. Andaa noti ndogo mapema. Dola moja kwa watu watano ni mzigo mwingine unawatwika, na ikiwa na mpasuko kidogo tu hakuna duka litakaloipokea. Tangu mabenki yafunge mwanzoni mwa 2025, wengi wanatuma kwa simu. Basi ongeza na gharama ya kutoa.

Salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, ni jambo jingine. Pale kila mmoja anafagia mbele ya mlango wake, hakuna wa kupewa matabishi. Ila ukimtuma kijana akufanyie sehemu yako, hiyo ni kazi, na bei yake mkubaliane Ijumaa.