Dozi imekolea, mbona bado anaanguka?

Mwenye ugonjwa wa Parkinson anameza kidonge, na baada ya muda vidole vinalegea, kifungo cha shati kinaingia tunduni bila kuhangaika, hatua zinarefuka. Anaitwa kutoka nyuma, anageuka ghafla, chini. Walio nyumbani wanaulizana: dawa si imeshashika? Imeshika. Ila haishiki sawa kila mahali.

Dhana: Dawa ikikolea, usawa wa mwili nao unarudi

Levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu tangu miaka ya 1960, hugeuka ndani ya ubongo kuwa dopamini, kemikali ya kuendesha miondoko ambayo ugonjwa huu huipunguza. Kwa mwendo mzito na misuli iliyokakamaa, msaada wake ni mkubwa. Usawa ni habari nyingine, maana kusimama imara kunategemea pia njia za ubongo zinazotumia kemikali kama asetilikolini. Njia hizo nazo huharibika, na kuongeza dopamini hakuzitengenezi.

Daktari ana kipimo rahisi cha jambo hili: husimama nyuma ya mgonjwa na kumvuta mabega kwa ghafla, akiwa tayari kumdaka. Asiye na tatizo hurudi hatua moja au mbili, akasimama. Ugonjwa ukishakomaa, mtu hurudi nyuma kwa vihatua vingi vidogovidogo, au huja mzimamzima kama gogo. Mara nyingi hali hiyo haibadiliki sana hata kidonge kikiwa kimekolea.

Tena dawa yenyewe inaweza kuongeza hatari. Mtu aliyekuwa akijikokota sasa anakwenda mbio, lakini uwezo wake wa kujizuia asianguke haujaongezeka kwa kiasi hicho. Wengine hupata miondoko ya kujinyonganyonga wasiyoitaka, na wengine shinikizo la damu hushuka wanapoinuka kitini, wakaona kizunguzungu.

Dhana: Ubongo wenye Parkinson haujifunzi tena mwendo mpya

Unajifunza, ila polepole, kwa marudio mengi, na bila mazoezi ya kuendelea huenda kilichopatikana kikapotea upesi. Kinachoumia zaidi ni kule kufanya jambo bila kulifikiria. Ndiyo maana mtu anatembea vizuri akiwa kimya, lakini ukimpa kikombe cha chai na kumuuliza swali papo hapo, miguu inaganda. Kwa wengi, mistari iliyochorwa sakafuni au kuhesabu kwa sauti huifungua tena, kwa kuwa hatua sasa inaongozwa na jicho na sikio.

Dhana: Dopamini ni kemikali ya kujifunza, basi dozi kubwa zaidi ni kujifunza zaidi

Hii ina mantiki, na ndiyo inayonivutia kuliko zote. Tatizo ni kwamba dopamini haipungui kwa kiwango kimoja kila mahali. Mwanzoni, sehemu inayoendesha miondoko hukauka mapema, huku sehemu nyingine zinazohusika na kujifunza kutokana na makosa zikiwa bado na akiba. Ni kama kumwagilia matuta mawili kwa ndoo moja: lililokauka linapona, lililokuwa na unyevu linafurika. Kwa hiyo katika majaribio dawa husaidia kujifunza baadhi ya mambo, hukwamisha mengine, na kwa mengine haibadilishi lolote. Dawa za kundi jingine, kama triheksifenidili inayotolewa kwa mtetemeko, zinaweza kufifisha kumbukumbu, hasa kwa wazee.

Dhana: Fanya mazoezi kabla ya dozi, mwili uzoee shida

Kwa kawaida ni kinyume chake: mazoezi magumu ya usawa hufanywa dozi ikiwa imekolea, mtu akiwa na nguvu na wepesi. Lakini kwa kuwa ujuzi uliopatikana katika hali moja huenda usitoke vizuri katika nyingine, naona ni busara kumwomba mtaalamu wa fiziotherapia apange pia namna salama ya kuinuka na kugeuka dozi inapoisha. Kuacha dawa ghafla kwa ajili ya jaribio ni hatari. Kunaweza kuleta homa kali na kukakamaa kwa mwili.

Kabla ya kliniki ijayo, andika saa ya kila kidonge na, pembeni yake, saa ya kila kuanguka. Daktari akiona kama mtu huanguka dozi ikiwa imekolea au imeisha, ushauri wake hubadilika.