Eti korona haikubagua? Maneno ya mtaani na ukweli wake

Kuna maneno yalizagaa 2020 na hadi leo ukitaja korona mbele ya watu lazima mmoja ayatoe. Mengi yanaishia kumlaumu yule yule mtu wa mtaa wa mabanda. Nitaongea zaidi kuhusu Nairobi ila mambo haya hayakuwa ya Nairobi pekee.

"Ugonjwa haujui tajiri wala maskini"

Kirusi chenyewe sawa, hakiulizi mtu ana pesa ngapi. Lakini kinapita kwa watu wanaovuta hewa moja kwenye chumba kimoja, na nani analala na watu wangapi hilo ni suala la pesa bana. Mumbai, India, Julai 2020 walipima damu za watu kwenye wadi tatu za jiji kutafuta kingamwili, yaani alama ya kuwa mtu alishaambukizwa, kwa wakazi wa mabanda ikawa 57 kwa kila 100 wameshapata, kwa wakazi wa majengo ya kawaida 16, na ni wadi zile zile! Singapore nayo, nchi tajiri kabisa, wafanyakazi wageni waliokuwa wanalazwa kwenye mabweni ya kujazana, kufikia Desemba 2020 asilimia 47 walikuwa wameshaambukizwa. Na Uingereza kuanzia Machi hadi katikati ya Aprili mwaka huo, vifo kwenye maeneo fukara zaidi vilikuwa 55 kwa kila watu laki moja, maeneo ya wenye nazo 25, na hapo wameshasawazisha tofauti za umri.

"Korona ni ya wapanda ndege"

Ilikuja kwa ndege, ndiyo. Mgonjwa wa kwanza Kenya kutangazwa, Machi 13 2020, alikuwa ametoka Marekani akapitia London. Ila haikubaki huko airport. Mwenye laptop akafanyia kazi sebuleni, halafu soldja wa geti, dada wa kazi, mtu wa boda na mama mboga wakaendelea kutoka kila siku maana kazi zao hazifanyiki kwa simu. Novemba 2020 watafiti wakapita majumbani Nairobi wakitoa watu damu, wakakuta karibu 35 kwa kila 100 wameshaambukizwa, wakati hesabu ya serikali ilikuwa haikaribii hata kidogo.

"Watu wa ghetto wana kinga, mbona hawakufa?"

Hii inapendwa sana, eti wamezoea uchafu. Sababu kubwa inayojulikana ni umri tu, Kenya nusu ya watu wako chini ya miaka 20 hivi na ugonjwa huu uliua zaidi wazee. Halafu tujiulize, nani alikuwa anahesabu? Lusaka, Zambia, kati ya Juni na Septemba 2020, walipima maiti 364 pale mochwari wakakuta 58 zina kirusi. Wengi walikuwa wamefia nje ya hospitali na kati ya hao hakuna hata mmoja aliyekuwa amepimwa akiwa hai. Kwa hiyo kwenye takwimu hawakuwepo.

"Walikuwa wakaidi, wangekaa tu nyumbani"

Hapa ndo huwa nakasirika kidogo. Nyumbani wapi? Chumba cha futi kumi kwa kumi, mabati, baba mama na watoto wanne, choo ni cha ploti nzima au kile cha kulipia. Maji unanunua kwa mtungi wa lita 20 na siku yakikatika bei inapanda, sasa uambiwe unawe mikono kila saa, utanawa au utapika? Zaidi ya wafanyakazi 8 kati ya 10 Kenya wako kwenye jua kali, yaani kazi zisizo rasmi, asiyetoka leo hali leo, na landlodi hakusubiri korona iishe.

Halafu kafyu ikaanza Machi 27, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Watu wakasongamana stendi wakigombania matatu wafike kabla ya saa moja, yaani sheria ya kuzuia msongamano ikazaa msongamano. Na rungu likaanza, siku kumi za kwanza watetezi wa haki za binadamu walihesabu watu wasiopungua 6 waliouawa na polisi. Aprili 10 Kibera chakula cha msaada kikaleta mkanyagano, watu wakaumia, hapo njaa ilikuwa haijamaliza hata mwezi. Mei mwanzoni tingatinga zikaingia mtaa wa Kariobangi, Nairobi, kubomoa nyumba, maelfu wakabaki bila nyumba kwenye mvua, wakati tangazo la redio bado linasema kaa nyumbani.

Na karantini je? Mwanzoni ulilipa mwenyewe, kwenye vituo vya bei ya chini kama shilingi 2,000 kwa siku, kwa siku 14 au zaidi. Mtu wa kibarua akisikia kukohoa kwake kunaweza kumletea bili kama hiyo unadhani atajitokeza kupimwa? Watu waliruka ukuta. Serikali ilikuja kukubali kugharamia Mei.

"Ukizidiwa si kuna ICU"

Mwaka 2020 Kenya nzima vitanda vya ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, vilikuwa 537 hivi, vipumulio 256, na kaunti zaidi ya nusu hazikuwa na ICU hata moja. Utafiti wa nchi kumi za Afrika, Kenya ikiwemo, ulikuta karibu nusu ya wagonjwa mahututi wa korona walikufa ndani ya siku 30, wastani wa dunia ukiwa chini ya theluthi.

"Chanjo zililetwa tukazikataa"

Wapo walioogopa, tena wengi, uvumi ulikuwa mwingi. Ila Uingereza walianza kuchanjwa Desemba 8 2020, Kenya shehena ya kwanza ikatua Machi 3 2021, dozi milioni moja na kidogo kwa nchi ya watu karibu milioni 50. Muda si mrefu India, zilikotengenezwa chanjo hizo, ikabana usafirishaji nje, waliochoma ya kwanza wakaambiwa wasubiri zaidi ya pili. Hapo katikati Sputnik V, chanjo ya Urusi, ikaingia kwenye hospitali za kibinafsi, ya kununua, maelfu ya shilingi, mpaka serikali ikapiga marufuku uagizaji binafsi mwanzoni mwa Aprili. Mama mboga hakuwa ameikataa hiyo, hakuna aliyemuuliza.