Kima, Papa na beseni la maji: kujifunza nyumbani kwa hadithi moja

Likizo ikikaribia, wazazi wa chekechea huniuliza wanunue kitabu gani cha mazoezi. Mimi huwaambia wasinunue kwanza. Msimulie mtoto hadithi ya Kima na Papa, kesho umsimulie tena, na keshokutwa tena. Mtoto wa miaka minne hachoki kusikia kitu kilekile. Atakayechoka ni wewe.

Kwa aliyeisahau: Kima anakaa juu ya mkuyu mkubwa, matawi mengine yako upande wa mji, mengine yametanda juu ya bahari. Kila siku anamtupia rafiki yake Papa matunda. Siku moja Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na wakiwa katikati ya maji anamtolea siri: sultani wetu anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. "Mbona hukuniambia mapema?" anajibu Kima. "Sisi tukitoka huiacha mioyo yetu mtini." Papa anageuza safari, Kima anafika, anarukia mkuyu wake, na harudi tena. Mmisionari Edward Steere aliipata kwa wasimulizi wa Unguja, ikachapwa London mwaka 1870. Wahindi nao wanayo, ila kwao anayembeba kima ni mamba.

Ningeweza kuchagua Sungura na Kobe. Nimeichagua hii kwa kuwa imesimama juu ya jambo ambalo mmoja analijua na mwenzake halijui, na hilo ndilo hasa akili ya mtoto wa umri huu inahangaika nalo. Mwaka 1983 wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner waliwapa watoto kisa cha mvulana aliyeweka chokoleti kabatini. Alipotoka, mama yake akaihamishia kabati jingine. Akirudi, ataitafuta wapi? Wadogo wa miaka mitatu walielekea kuonyesha pale chokoleti ilipo sasa, kana kwamba wanachokijua wao kila mtu anakijua. Kuanzia miaka minne hivi wengi zaidi walianza kuona kwamba mvulana atakwenda alikoiacha.

Basi chukua soksi iwe Papa, mwanasesere awe Kima, na haragwe moja liwe moyo. Kikombe kilichofunikwa, kiwekwe juu ya kiti, ndio mti. Mfiche Papa nyuma yako, mtoto akiona mtie Kima haragwe kwenye nguo yake. Mrudishe Papa, Kima amdanganye. Halafu uliza maswali mawili, si zaidi: moyo uko wapi kweli? Papa anadhani uko wapi? Nyamaza, mpe muda. Akisema Papa anajua uko kifuani, usimsahihishe. Chezeni upya, safari hii yeye awe Kima na wewe uwe Papa unayedanganyika kwa kelele na mikogo. Wengi huelewa hapo, wanapoonja utamu wa kumzunguka mtu mzima.

Usimuulize "hadithi hii inatufundisha nini?" Najua swali hilo linavyotuponyoka. Mtoto aliyezoeshwa swali hilo anajifunza kujibu "tusiwe na marafiki wabaya", na anaacha kumfikiria Papa.

Hesabu ni rahisi. Weka beseni la maji sakafuni, mtoto akae kwenye kigoda na vizibo vya soda au mbegu za maembe zilizokauka. Papa anaomba: "Nitupie matunda matatu." Anarusha huku anahesabu, kisha umuulize Papa amekula mangapi. Akianza kuhesabu upya kutoka moja, bado hajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla. Akijibu moja kwa moja "matatu", ameshavuka. Zungumza naye kwa sentensi kamili, tunda moja, matunda mawili, matunda matano, maana wimbo wa "moja, mbili, tatu" peke yake haumpi upatanisho huo. Kokoto na mbegu ndogo mweke mbali nazo aliye chini ya miaka mitatu, na maji yakiwa kwenye beseni usiondoke hapo hata dakika moja.

Kanga iliyotandazwa ni bahari. Mtoto apite juu yake, aingie chini yake, akae ukingoni, apande mgongoni kwako. Maneno hayo ya mahali atayahitaji darasani, mwalimu atakapomwambia aandike chini ya mstari.

Moyo wenyewe nao usiuache. Kunja karatasi ngumu iwe bomba, asikilize kifua chako, nawe usikilize chake. Arukeruke, msikilize tena. Ataona wake unakwenda mbio kuliko wako hata kabla ya kuruka, na ndivyo ilivyo kwa watoto.

Wazazi wengine huondoa habari ya kung'oa moyo, wanasema inatisha. Mimi siiondoi. Bila hatari, ujanja wa Kima hauna kazi, na mtoto anayeogopa akiwa amekaa mapajani mwako yuko mahali pazuri pa kuogopea. Akilia, mrudishe Kima mtini upesi, umalize.

Baada ya siku chache, yeye ndiye asimulie. Aanze kwa "Paukwa!" nanyi mmuitikie "Pakawa!" Akikwama, usimtajie kinachofuata, muulize Kima yuko wapi sasa. Mrekodi kwa simu, mtumie bibi. Mtoto husimulia vizuri zaidi anayesikiliza akiwa hajui kilichochezwa sebuleni.

Kisa cha Punda wa Dobi, ambacho Kima anamsimulia Papa mwishoni akikataa kushuka, kiruke kwa sasa. Ni hadithi ndani ya hadithi, ina simba, sungura na punda aliyeliwa moyo na masikio, na wa chekechea hupotea njiani. Kaka yake wa darasa la tatu ataifurahia.