Nyaraka za mshairi, na barua ambazo hakubaki nazo

Wiki iliyopita nimelisikia tena kosa la kutumia neno nyaraka visivyo, safari hii kutoka kwa mtu ninayemheshimu. Alisema ana "nyaraka zote za Dylan Thomas", mshairi wa Wales, kwenye simu yake. Nilimwomba anioneshe, akafungua kitabu cha mashairi yaliyokusanywa, ambacho mtu yeyote anaweza kukinunua dukani. Kitabu ni kizuri na nilifurahi kuona anakisoma. Lakini ndani yake hamna waraka hata mmoja. Kabla sijasema neno akaongeza kwamba "nyaraka hii" ameipata bure.

Maana nitaisema kwa ufupi. Nyaraka za mtu ni karatasi zilizotokana na maisha na shughuli zake, zikabaki pamoja baada yake: barua alizoandikiwa, miswada, madaftari, shajara, mikataba, ankara, bahasha aliyoiandika beti mbili kwa nyuma akisubiri treni. Alichokichapisha kinaitwa kazi zake, au maandishi yake. Nyumba inayozitunza nyaraka ni hifadhi ya nyaraka. Wengine husema kavazi, na Kenya utasikia makavazi. Maana ni hiyo.

Neno lenyewe ndilo linalostahili muda. Waraka limetoka katika Kiarabu, waraqa, ambalo kwanza ni jani la mti, kisha ni karatasi moja. Lilipofika kwetu likaketi pamoja na wimbo na wembe. Tunasema wimbo huu, nyimbo hizi. Wembe huu, nyembe hizi. Waraka huu, nyaraka hizi. Anayesema "nyaraka hii" amefanya kosa lilelile la anayesema "nyimbo hii", na yote mawili nayasikia redioni kila siku. Kosa hili limeongezeka tangu kompyuta zianze kutuomba "tufungue nyaraka", hata ikiwa tunafungua faili moja tu.

Kiswahili hakikuishia kwenye karatasi tupu. Kwetu waraka ukawa karatasi yenye safari: ina aliyeituma na ina aliyeipokea. Ndiyo maana wizara hutoa waraka kwenda shuleni, na ndiyo maana barua za Paulo katika Biblia huitwa nyaraka. Hebu tazama majina yake: Waraka kwa Warumi, Waraka kwa Wagalatia, Waraka kwa Wafilipi. Zimeitwa kwa majina ya waliopokea. Paulo aliandika, akatuma. Karatasi ikabaki kwa wenyeji, nao ndio walioitunza na kuinakili. Katika sura ya 7 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho anasema anajibu mambo waliyomwandikia. Barua hiyo ya Wakorintho hatunayo. Jibu tunalisoma, swali limepotea.

Hapo ndipo ninapotaka watu wakae kidogo. Barua ikishatumwa inaondoka kwa mwandishi. Mtu akifa leo na ukaingia chumbani kwake kufungua makabati, utakuta barua za wengine. Zake ziko kwenye makabati ya wengine.

Na tatizo linaongezwa na kiunganishi chetu kidogo cha -a. "Barua za Dylan Thomas" ni zipi? Alizoziandika, au alizoandikiwa? Lugha inaruhusu zote mbili, na msikilizaji hushika ile anayoitaka. Anayefanya kazi na nyaraka hawezi kujiruhusu hivyo. Lazima aseme barua kutoka kwa Dylan au barua kwenda kwa Dylan, kwa sababu kila upande una sanduku lake, na mara nyingi una nchi yake.

Dylan alizaliwa Swansea, kusini mwa Wales, mwaka 1914. Rafiki yake mkubwa katika ushairi alikuwa Vernon Watkins, mshairi naye, aliyekuwa karani wa benki mjini humohumo. Dylan alimpelekea mashairi yakiwa bado mabichi na wakavutana juu ya neno mojamoja. Watkins alizitunza barua zile. Mwaka 1957, miaka minne baada ya Dylan kufariki New York, zikatolewa kitabu. Ukikisoma unamsikia Dylan akiomba ushauri, akiukataa, akieleza kwa nini mstari fulani hauguswi, kisha akiomba pesa kidogo za kumvusha wiki. Watkins humsikii. Inabidi ubahatishe alichosema kutokana na namna Dylan anavyojibu, kama unavyomsikiliza mtu anayeongea na simu katika chumba cha jirani. Kwa maana kamili ya neno, barua zile zilikuwa nyaraka za Vernon Watkins. Ndiye aliyezipokea, na ni kwenye droo zake zilikopata umri.

Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1933, Dylan alikuwa akimwandikia Pamela Hansford Johnson wa London barua ndefu sana, zenye mashairi na majigambo ya kijana wa miaka 19 anayetafuta sauti yake. Zimebaki kwa sababu hiyohiyo: Pamela hakuzitupa.

Mwaka 1985 Paul Ferris alitoa kitabu kikubwa cha barua za Dylan, zaidi ya elfu moja. Hicho nacho watu hukiita nyaraka. Kwangu hicho ni mkusanyo. Kuna mtu aliyekaa, akaandikia maktaba na watu binafsi, akatafuta, akanakili, akapanga kwa tarehe. Kazi ya heshima kubwa, na mimi mwenyewe nimejifunza mengi humo. Lakini katika nyaraka hakuna mtu aliyechagua cha kuvutia. Barua ya kodi inalala juu ya shairi, na mtunzaji mzuri anaiacha ilale hapo, kwa sababu huenda ndiyo inayokueleza shairi limeishia katikati kwa nini. Watunzaji wana kanuni mbili wasizozivunja: karatasi za mtu mmoja hazichanganywi na za mwingine hata zikizungumzia jambo moja, na mpangilio uliokutwa hauvurugwi bila sababu. Mkusanyaji hufanya kinyume cha yote mawili, na ana haki, maana kazi yake ni nyingine.

Nimesema Wales, na sikusema Uingereza. Neno letu Uingereza linabeba mizigo miwili, nchi ya Waingereza na dola nzima yenye Wales na Scotland ndani yake, ndiyo maana Dylan huitwa Mwingereza kwenye vitabu vyetu. Alikuwa Mwelisi. Wazazi wake wote wawili walijua Kiwelisi. Baba yake alifundisha Kiingereza shuleni, na mtoto akakulia katika Kiingereza. R. S. Thomas, mshairi ambaye hana undugu na Dylan, alizaliwa Cardiff mwaka 1913, akawa padri wa Kianglikana, akajifunza Kiwelisi ukubwani. Habari za maisha yake aliziandika kwa Kiwelisi, lakini mashairi hayakumjia ila kwa Kiingereza, na jambo hilo lilimuuma hadi alipofariki mwaka 2000. Mwaka 1938 Saunders Lewis, mwandishi mkubwa wa Kiwelisi, alitoa mhadhara kuuliza kama kweli kuna fasihi ya Wales kwa Kiingereza, na jibu lake liliegemea kwenye hapana. Sisi tuliobishana miaka mingi kama riwaya ya Kiingereza ya Mwafrika ni fasihi ya Kiafrika tunaujua uchungu wa swali hilo.

Kosa jingine ni kudhani kwamba nyaraka za mshairi wa Wales ziko Wales. Baadhi zipo. Maktaba ya Taifa ya Wales iko Aberystwyth, mji wa pwani ya magharibi, na ilianzishwa mwaka 1907. Humo kuna karatasi za Idris Davies, mchimba makaa wa Rhymney aliyekuja kuwa mwalimu, na za Alun Lewis, aliyefariki akiwa mwanajeshi Burma mwezi Machi 1944, katika vita hivyohivyo walivyopelekwa babu zetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, ambao waliviita vya Bama. Barua alizomwandikia mkewe Gweno zilichapishwa mwaka 1989, na aliyezihariri ni Gweno mwenyewe. Mpokeaji tena. Chuo Kikuu cha Bangor kina kituo cha R. S. Thomas, na Chuo Kikuu cha Cardiff kina hazina kubwa ya Edward Thomas, mshairi aliyezaliwa London kwa wazazi Wawelisi na kuuawa vitani Arras, Ufaransa, mwaka 1917.

Lakini madaftari ya Dylan yako Marekani. Miaka ya 1930 Charles Abbott, mkutubi wa chuo kikuu cha Buffalo, jimbo la New York, alianza kuwaandikia washairi kuwaomba karatasi zao za kazi, zile zenye mikato na makosa. Ombi hilo liliwashangaza wengi, kwani vilivyozoeleka kutunzwa ni vitabu vilivyokamilika. Hapa neno letu mswada linasaidia. Nalo ni la Kiarabu, kutoka katika mzizi wa weusi: karatasi iliyotiwa weusi kwa kufutwa na kuandikwa upya. Nakala safi Waarabu huipa jina la weupe. Abbott alitaka weusi. Mwaka 1941 Dylan, akiwa na dhiki ya pesa na umri wa miaka 26, aliuza madaftari manne ya ujana wake, ya mwaka 1930 hadi 1934, yakaenda Buffalo. Mashairi mengi aliyochapisha baadaye mbegu zake zimo humo. Sehemu nyingine kubwa ya karatasi zake iko katika kituo cha Harry Ransom, chuo kikuu cha Texas, mjini Austin.

Daftari la tano lilikuwa limesahaulika nyumbani kwa mama mkwe wake. Mama huyo alimpa mfanyakazi wa ndani karatasi za kuchoma kwenye tanuri la jikoni, nalo likiwamo. Mfanyakazi hakulichoma. Aliliweka, likakaa kwenye droo ndani ya mfuko wa dukani kwa miaka mingi. Mwaka 2014 liliuzwa mnadani London, na Chuo Kikuu cha Swansea kikalinunua kwa pauni 85,000, likarudi mji aliozaliwa mwandishi wake. Kila nikikumbuka habari hii namfikiria yule dada wa kazi, ambaye hakuna chuo kilichomfundisha kanuni za watunzaji, lakini siku ile aliifanya kazi yao.

Kuna hata kesi. Wiki chache kabla ya kufariki, mwaka 1953, Dylan aliupoteza mswada wa mchezo wake wa redio mjini London. Alimwambia mtayarishaji wa BBC, Douglas Cleverdon, kwamba akiupata ni wake. Cleverdon akaupata kwenye baa moja ya Soho, baadaye akauuza. Mjane, Caitlin, alifungua kesi kuudai, na mwaka 1966 mahakama ikaamua kwamba ile ilikuwa zawadi halali. Lakini kilichopewa Cleverdon ni karatasi. Haki ya maneno yaliyoandikwa juu yake ilibaki kwa warithi. Hivyo hata tukikubaliana nyaraka ni za nani, bado "za" imebeba maswali mawili zaidi: nani ana karatasi, na nani ana maneno. Kwa sheria ya huko, mashairi aliyoyachapisha Dylan mwenyewe yaliachwa huru mwanzoni mwa 2024, miaka 70 ikiwa imetimia. Barua yake ambayo haijawahi kuchapishwa inalindwa hadi mwisho wa 2039, hata kama mwenye karatasi ni wewe.

Haya yote sikumwambia rafiki yangu siku ile; tulikuwa njiani na mvua inanyesha. Nilimwambia tu kwamba alicho nacho kwenye simu ni mashairi ya Dylan Thomas, na kwamba hilo linatosha kujivunia. Kisha nikamwelekeza kwenye picha ambazo kituo cha Texas kimeziweka mtandaoni, karatasi zenyewe, na mwandiko wake mdogo uliobanana ukingoni. Usiku alinitumia ukurasa mmoja, umejaa orodha za maneno na mistari iliyokatwa, na chini yake akauliza: "Waraka huu aliuandikia nani?" Nimemjibu kwamba huo ni mswada, aliuandika kwa ajili yake mwenyewe, lakini ngeli ameipatia.