Kilo 3 za safarini si mafuta

Jumatatu haipiti bila mtu kuniandikia: "Nilikuwa safarini, kukawa na harusi, leo nimepanda mizani nimeongezeka kilo 3. Daieti imekufa." Haijafa. Nimelijibu hili mpaka nimechoka, kwa hiyo naliandika mara moja kwa wote.

Tupige hesabu. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo kilo 3 ni kalori 23,100, tena juu ya zile unazotumia kila siku. Gramu 1 ya mafuta ya kupikia ina kalori 9. Ili unenepe kilo 3 kwa siku mbili, ungelazimika kula milo yako yote ya kawaida, kisha unywe zaidi ya lita mbili na nusu za mafuta ya kupikia. Nani kafanya hivyo?

Mizani imeona maji. Ukiwa kwenye daieti, akiba ya glaikojeni, yaani wanga ambao mwili huuhifadhi kwenye misuli na ini, hupungua. Ukishiba wanga siku moja mbili, akiba inajaa tena, na kila gramu ya glaikojeni huja na gramu 3 hivi za maji. Zikirudi gramu 300, mizani inapanda kilo 1.2 bila tone la mafuta. Kuna chumvi pia. Shirika la Afya Duniani linataka tusifikishe gramu 5 kwa siku, na chakula cha hotelini au cha sherehe hupita kiwango hicho kabla ulimi haujashtuka. Gramu 9 za ziada huweza kushikilia karibu lita 1 ya maji mpaka figo ziitoe. Halafu kuna chakula ambacho bado kimo tumboni, maana safari hufunga choo.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba maji hayohayo ndiyo yaliyotoka wiki ya kwanza ya daieti, na hakuna aliyeyahoji. Zilipotoka kilo 2 kwa siku chache mlishangilia mkasema mafuta yanayeyuka. Huwezi kuyashangilia yakitoka, kisha uyalilie yakirudi.

(Mwenye maradhi ya moyo au figo, haya hayakuhusu. Uzito ukipanda ghafla, mwone daktari siku hiyohiyo.)

Madhara huanza pale mtu anapoamini ameshaharibu. Mwaka 1975 watafiti Herman na Mack waliwapa watu milkshake, kisha aiskrimu wale watakavyo. Wale waliozoea kujibana kula walimaliza aiskrimu nyingi zaidi walipotanguliziwa milkshake kuliko wasipopewa. Sitawaficha kwamba waliofuatilia watu kwenye maisha yao ya kila siku, nje ya maabara, hawakuikuta tabia hiyo kwa uwazi huo. Mimi naiona kwa wateja wangu, ila wanaokuja kwangu ndio walioshindwa kujizuia. Wanaojirekebisha kimyakimya sikutani nao.

Mengine ni mafupi. Usishinde njaa ukisubiri sherehe. Pombe ina kalori 7 kwa gramu, ihesabu. Usitangaze daieti mezani, utabembelezwa mpaka ukubali. Pakua mwenyewe, kidogo, na ule polepole: sahani inayoonekana tupu mbele ya mwenyeji hujazwa, na ya pili hiyo ndiyo huwaponza wengi, kwa sababu kuikataa kunaonekana kama kumkataa aliyepika. Ukibakisha tonge mbili mpaka wenzako wanawe, hakuna atakayekusumbua.

Ukirudi nyumbani, rudi kwenye milo yako ileile. Usifunge kujiadhibu. Acha mizani siku 4 au 5, kisha jipime asubuhi ukitoka chooni, kabla ya kula wala kunywa chochote. Ikiwa bado imebaki nusu kilo, hiyo huenda ni mafuta kweli, na hiyo ndiyo namba ninayoomba mnitumie.