Colosseum: Damu Iliyopigiwa Hesabu

Dhana: kila pambano la gladiata, mpiganaji wa maonyesho wa Roma ya kale, liliisha kwa maiti.

Fuata pesa kwanza. Gladiata alikuwa mtaji. Mwenye chuo cha gladiata alimlisha shayiri na maharagwe, akamwekea mwalimu na tabibu, kisha akamkodisha kwa mwandaaji wa michezo. Mwanasheria Gaius, wa karne ya 2, anatoa mfano wa mkataba: dinari 20 kwa kila anayetoka mzima, dinari 1,000 kwa kila anayeuawa au kulemazwa. Kwa bei hiyo, mwandaaji alifikiri mara mbili kabla ya kuruhusu mtu amalizwe. Kwenye michezo ya uzinduzi wa Colosseum, uwanja mkubwa wa maonyesho wa Roma, mwaka 80, gladiata Priscus na Verus walipigana hadi wakasalimu amri pamoja; Kaisari Titus akawatangaza wote washindi, akawapa panga za mbao, alama ya kustaafu uwanjani.

Gladiata waliouawa walikuwepo, tena si haba. Ila ukatili mtupu ulikuwa na saa yake: asubuhi wanyama, adhuhuri waliohukumiwa kifo, alasiri gladiata. Wale wa adhuhuri hawakuwa na mwalimu, ngao wala bei. Hakuna aliyepata hasara wakifa.

Dhana: gladiata walimwambia Kaisari, "Tunaokwenda kufa tunakusalimu."

Mwandishi wa Kirumi Suetonius anaitaja salamu hiyo kwenye Ziwa Fucino, Italia, mbele ya Kaisari Claudius, mwaka 52. Walioitoa ni wafungwa waliopelekwa kupigana vita vya maonyesho kwenye merikebu. Colosseum haikuwa imeanza hata kujengwa.

Dhana: vomitorium ni chumba cha kutapikia baada ya karamu.

Ni njia ya kupitia watu. Jengo la Colosseum ndilo lililotapika, na lilitapika umati wa watu wapatao 50,000. Milango ya matao ilikuwa 80, na 76 kati yake ilichongwa namba za Kirumi. Upande wa kaskazini baadhi bado zinasomeka.

Dhana: matundu kwenye ukuta wa Colosseum ni ya risasi.

Si ya bunduki, ingawa risasi, ile metali, imo kweli. Mawe ya ukuta wa nje hayakuunganishwa kwa chokaa, bali kwa vibanio vya chuma vilivyokazwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Zama za Kati watu walitoboa ili wachukue chuma hicho, ndiyo maana matundu mengi yamekaa pale pale jiwe moja linapokutana na jingine.