Garnett, Allen na Pierce: Boston ilitoa nini kuwapata?

Tarehe 31 Julai 2007 sikusikia la mtu. Kevin Garnett, nyota wa Minnesota, anakuja Boston! Mwezi mmoja kabla tulikuwa tumempata Ray Allen kutoka Seattle, na Paul Pierce tulikuwa naye tangu 1998. Nimekulia mji huu nikiishabikia Celtics, timu yetu ya mpira wa kikapu, na sasa nafundisha vijana mchezo huo. Rafiki zangu wa soka huniuliza: timu iliyotoka kushinda mechi 24 na kupoteza 58 katika msimu mmoja iliwapataje watu hawa?

Kwanza sahau ada ya uhamisho. Kule NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, huwezi kwenda na mkoba wa fedha ukamchukua nyota wa watu. Unatoa wachezaji wako, au haki zako za kuchagua chipukizi kwenye drafti, ambako kila mwaka timu hugawana wachezaji wapya kwa zamu. Juu ya hapo kuna kikomo cha mishahara, msimu ule dola milioni 55.6. Ukishakivuka, mishahara ya unaowatoa lazima ikaribiane na ya unayempokea, na Garnett alikuwa akilipwa zaidi ya milioni 20.

Kwa hiyo kumpata Garnett tulitoa watu watano na haki mbili za raundi ya kwanza ya drafti. Al Jefferson ndiye aliyetuuma, kijana anayefunga chini ya kikapu atakavyo. Lakini mtazame Theo Ratliff: mgongo ulimweka nje karibu msimu mzima, ila mkataba wake mnono ulikuwa unaelekea ukingoni, na Minnesota ilitaka kupunguza mzigo wa mishahara. Mtu asiyecheza akawa mali!

Hata kufungwa kwetu kulikuwa na thamani. Tulipoteza mechi 18 mfululizo tukitumaini kumpata Greg Oden au Kevin Durant, chipukizi waliotamaniwa mno mwaka ule, kwa sababu timu dhaifu hupewa nafasi kubwa zaidi katika bahati nasibu inayopanga zamu za drafti; lakini bahati nasibu ikatupa nafasi ya tano. Nafasi hiyo, pamoja na wachezaji wawili, ndiyo iliyomleta Allen. Na Garnett, ambaye awali hakutaka kabisa kuja kwetu, alibadili msimamo baada ya Allen kufika.

Wengi walinuna. Mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watatu, tena wa umri wa miaka 29, 31 na 32, Allen akiwa ametoka kupasuliwa vifundo vya miguu. Kweli pointi zilishuka: Allen kutoka wastani wa 26.4 kwa mechi hadi 17.4, Pierce kutoka 25 hadi 19.6, Garnett kutoka 22.4 hadi 18.8. Walioishia kusoma takwimu hizo waliukosa utamu wote, kwa sababu timu ile iliishi kwa ulinzi. Kocha msaidizi Tom Thibodeau aliwapanga walinzi wasogee upande wenye mpira, wamsukumize mwenye mpira pembeni, njia ya kikapuni izibwe. Mpango huo unahitaji mtu mrefu wa nyuma anayeona kila kitu na asiyenyamaza. Garnett hakunyamaza hata mazoezini. Vijana wangu nawaonyesha mdomo wake kabla ya mikono yake.

Tukashinda mechi 66, tukapoteza 16. Fainali tuliwafunga Lakers wa Los Angeles kwa mechi 4–2, mechi ya mwisho 131–92, ubingwa wa kwanza tangu 1986.

Mwaka 2013 Garnett na Pierce walipelekwa Brooklyn, nasi tukapewa haki za drafti. Haki hizo ndizo zilizotupatia Jaylen Brown na, baada ya kubadilishana nafasi na Philadelphia, Jayson Tatum. Wawili hao wakatwaa ubingwa wa 2024.